Jino na Tarumbeta za Korongo

Shemeji yangu aliitwa Jino, na jina hilo alilipata kazini. Hakuwa na mali wala cheo, na hata sura hakujaliwa sana. Dada yangu alipokubali kuolewa naye, mama alisema ni kweli mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, lakini hiki kingetibika mapema. Alichokuwa nacho Jino ni kimoja tu, neno lake juu ya shaba. Akisema tarumbeta hii nzima, watu waliinunua bila kuipuliza. Akisema mbovu, ilirudi motoni hata kama mwenye karakana mwenyewe alikuwa amesimama pale anaisubiri.

Karakana yetu ilitengeneza tarumbeta za chapa ya Korongo. Chapa yenyewe ilikuwa ndege mdogo aliyesimama kwa mguu mmoja, amegongwa pembeni mwa domo la tarumbeta, pale inapotanuka. Domo lenyewe lilifuliwa kwa nyundo kutoka bati moja la shaba. Lilikunjwa juu ya nguzo ya chuma, likachomwa mpaka likawa jekundu, likapozwa, likagongwa tena, na tena, mpaka likaimba. Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye vali, vile vitufe vya kubonyeza kwa vidole, na kelele zilitufuata huko huko. Wafuaji wa madomo walipata uziwi mapema. Unamkuta kijana ana mtoto mmoja tu, unamuuliza hali ya nyumbani, anakujibu kwamba mvua itanyesha.

Sasa watu viziwi wataijuaje sauti? Walikuwa na namna yao. Mtu anauma ukingo wa domo kwa meno ya mbele, taratibu kama anayeuma uzi, kisha analigonga kwa kifundo cha kidole. Domo zuri linavuma ndani ya fuvu, linafika kisogoni, linachelewa kufa. Domo bovu linakata kama mtu aliyezibwa mdomo. Katika wote, shemeji ndiye aliyekuwa mkali zaidi, akapewa nyundo ya chapa. Korongo hakutua juu ya shaba yoyote kabla ya Jino kuuma.

Wasomi wa siku hizi wanaandika kwamba chapa hiyo ilikufa kwa sababu ya soko. Soko halikuwahi kuingia kwenye ile karakana. Waliingia watu. Mwasisi, mzee aliyekuwa akila chakula cha mchana pamoja nasi juu ya benchi, alipofariki, wanawe waliuza kila kitu kwa kampuni ya cherehani. Hao wa cherehani angalau waliogopa kugusa wasichokijua. Wakawauzia watu wa mabomba ya maji. Watu wa mabomba wakauliza kwa nini bati liwe nene hivi, na kwa nini kuna mzee anayeng'ata bidhaa. Wakapunguza unene wa bati. Jino akaanza kukataa madomo, leo machache, kesho rundo zima, mpaka wakamnyang'anya nyundo ya chapa, kazi hiyo wakaipa mashine. Baada ya hapo likaja kufuli. Nguzo zetu za chuma ziliuzwa kwa uzito, kama vyuma chakavu. Likabaki jina peke yake, limelala kwenye droo ya wakili, mpaka akatokea tajiri ambaye hajawahi kupuliza hata filimbi, akalinunua kama mtu anavyonunua shati la marehemu.

Wakati huo dada yangu alikuwa ameshazikwa, na shemeji alikuwa anaishi na binti yake kwenye vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa. Meno yalikuwa yamemwisha. Alikula uji na mkate uliolowekwa, na alikuwa ameacha kucheka mbele za watu. Binti yake, mshonaji, alishona mashuka ya hospitali mwaka mzima juu ya kazi yake ya kawaida, akamnunulia baba yake meno ya bandia. Nilikuwepo siku alipoyavaa. Alijitazama kwenye kioo, akasema, "Nimekuwa kijana. Nitafutieni mchumba."

"Mchumba gani anayetaka kupayuka kutwa nzima ili asikike?" binti akamwambia kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Kiziwi mwenzangu. Tutaishi kwa amani."

Tajiri mpya alikuja mwenyewe, amebeba koti jipya kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa ameleta tarumbeta kutoka mbali, zimeshindiliwa kwa mashine, zinang'aa kwa vanishi, na juu yake amegonga korongo. Alitaka Jino asimame siku ya uzinduzi aseme neno.

"Sisemi kitu mpaka niume," Jino akamjibu.

"Uume nini, mzee?"

"Tarumbeta. Wewe sikujui, siwezi kukuuma."

Tajiri alicheka sana. Akasema na iwe hivyo, watu watapenda. Kwake yeye ulikuwa mchezo.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Bendi zote za mji zilikuja, na mbele kabisa alikaa kiongozi wa bendi kubwa, tuliyemwita Kapteni. Jino alipanda jukwaani amevaa lile koti jipya. Akachagua tarumbeta mwenyewe, akafuta ukingo kwa kiganja, akauma, akagonga. Akafumba macho. Aligonga tena, na nikaona machozi yakimshuka. Tangu karakana ifungwe hakuwa ameuma shaba.

"Ndiye," alisema. "Korongo ndiye huyu."

Watu walishangilia kwa neno hilo moja. Palepale tajiri akatangaza mpango wake: lete korongo mzee, chukua korongo kijana. Bendi zilikuwa na tarumbeta zetu za zamani, zimebonyea, vali zimelika, vipuri havipatikani. Mtu gani angekataa, na Jino ameshasema ni kitu kilekile? Wakazileta zote, hata zile zilizokuwa zimefichwa chini ya vitanda. Baadaye ndipo tulijua kwamba zile kuukuu ziliviringishwa kwenye pamba, zikasafirishwa kwa watu wanaozitafuta na kuzitunza. Sisi tulibaki na vanishi.

Haukupita msimu, Kapteni alibisha hodi. Nilikuwa hapo, tunacheza bao na shemeji. Alikuwa na tarumbeta ndani ya taulo.

"Mzee, tumemzika mpiga ngoma wetu," alimpigia kelele sikioni. "Katikati ya wimbo kiungo kikaachia. Tarumbeta ikatoa upepo kama punda aliyeshiba. Watoto wa marehemu wanacheka huku wanalia!"

"Lete hapa." Jino akauma, akagonga. Uso ukatulia. "Inavuma vizuri. Mpulizaji wako anapuliza kama anakoka jiko la mkaa."

"Ninazo mbili zaidi kwenye baiskeli. Ngoja uzione," Kapteni akasema, akatoka.

Nikaichukua ile tarumbeta. Mimi Mungu amenibakizia meno ya mbele. Niliuma, nikagonga kwa kifundo. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kuuma mwiko.

Nilimgusa shemeji bega, nikamwonyesha mdomo wake. "Yavue."

"Nivue nini?"

"Meno. Yavue."

Aliyavua akayaweka kwenye kisahani. Akakandamiza ukingo wa domo kwenye ufizi, akagonga. Akauhamishia kwenye mfupa wa taya, akagonga kwa nguvu mpaka ngozi ya kidole ikachubuka, bila mvumo wowote. Kisha akayarudisha meno mdomoni, akauma kijiko cha chai, akakigonga. Nilimwona akishtuka. Akauma kikombe cha bati. Akauma funguo.

"Vyote vinavuma," alisema. Hata mimi nilijitahidi kumsikia. "Ni haya yanayocheza kwenye ufizi. Hata uniletee kopo, litavuma."

Alikuwa hajawahi kupima shaba kwa meno yale kabla ya siku ya jukwaani. Na ule mvumo alikuwa ameukosa kwa miaka. Ulipokuja hakuuliza umetoka wapi.

"Basi tumweleze Kapteni," nikasema. "Si kosa lako."

Alisoma midomo yangu, akanishika mkono. "Ukimweleza yeye, kesho mji mzima unajua, na binti yangu naye. Alishona mwaka mzima. Asijue, shemeji. Niahidi."

Kabla sijajibu, mlango ulifunguka. Kapteni aliingia na tarumbeta zake mbili, na nyuma yake binti, anatoka kazini na mkoba wa vitambaa.

"Kuna nini, Mjomba?" akaniuliza.

Kapteni ndiye aliyemjibu. Alimweleza yaliyotokea mazishini, kisha akamgeukia Jino. "Sasa niambie mwenyewe. Maana wewe hukosei kwenye domo. Baba yangu alinunua kwa neno lako. Ilikuwaje?"

Jino alimtazama binti yake kwanza.

"Walinipa koti," alisema.

"Baba, si kweli."

"Kweli. Lile pale kwenye msumari. Walitaka niseme, nikasema."

Kapteni alizifunga tarumbeta zake taratibu. "Kumbe na wewe una bei," akasema. "Na bei yenyewe koti." Hakuaga.

Habari ilifika sokoni siku hiyo hiyo. Watoto walimfuata shemeji barabarani, wanauma vijiti na kupiga kelele, "Ndiye! Ndiye!" Hakuwasikia, ila macho alikuwa nayo. Binti alimpikia, akamfulia, akaendelea kumwita Baba. Lile koti alilitoa akampa mzoa taka. Mizaha ikaisha nyumbani kwao. Aliweka sahani mezani na kurudi kwenye cherehani yake. Mara mbili nilimsihi shemeji amweleze.

"Anichukie mimi," alinijibu. "Asije akaichukia mikono yake."

Leo hata binti mwenyewe hayupo duniani, kwa hiyo naandika.

Jino alikufa kwa kifua, msimu wa baridi. Hakuna bendi iliyokuja, na hatukuthubutu kuita. Tulipokuwa tunamwandaa, mimi na binti yake, binti alitoka akaenda kwenye kabati, akarudi na meno ya baba yake ndani ya kitambaa safi, ameyaosha.

"Avae haya," alisema. "Angalau haya aliyapata kwa halali, Mjomba."

Shemeji alikuwa ameanza kukakamaa. Nilimshikia taya ili yaingie.