Melkior Anapumua kwa Mikono ya Generosa

Saa nne asubuhi jua la Mpanda limeshaanza kuchoma bati, na Generosa hajainua macho. Anabana mfuko wa mpira, anauachia. Kifua cha Melkior kinapanda, kinashuka.

Melkior ni mrina asali wa Ugalla. Jana aliumwa na koboko akishusha mzinga. Lori la mbao lilimfikisha akihema kwa taabu, kope zimemlegea, ulimi mzito, mwisho kifua nacho kikagoma. Daktari akampitisha mrija kooni, mfuko ukaunganishwa nao. Mwaka huu wa 1996 hospitali haina mashine ya kupumulisha, kwa hiyo mashine ni mikono ya watu.

Generosa, mama wa Mwamkulu, ni mhudumu wa wodi. "Mimi niliajiriwa kupiga deki," anasema. "Siku moja wauguzi walichoka, nikaambiwa shika hapa. Tangu hapo deki inanisubiri."

Vidole vikimfa ganzi, anampisha Scolastica, mke wa Melkior. Scolastica anabana mbiombio, kama anayepuliza moto usizimike. Mara mumewe anakunja uso, mrija unakoroma, kifua kinashtuka. Scolastica anadhani mumewe ndiyo anakata roho, anazidi kubana.

Generosa anamshika kiganja. "Unatwanga peke yako, mdogo wangu. Mwenzio naye kashika mchi."

Scolastica analegeza vidole. Wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja, kila mmoja hungoja mchi wa mwenzake unyanyuke. Bila hivyo michi inagongana. Na pumzi ni hivyo hivyo, Generosa anamweleza taratibu. Mgonjwa asipovuta kabisa, unampangia wewe. Akianza kuvuta, unamngoja avute ndipo umsaidie. Akipata nguvu, unamsaidia moja, unamwachia moja.

"Na nikimwachia, asivute?"

"Mikono yangu iko hapa."

Wanatwanga hivyo, wawili na mgonjwa, hadi alasiri. Kope za Melkior zinafunguka kidogo. Daktari anasema sasa ajaribiwe bila mfuko.

Generosa anaomba mashine ije siku moja, maana mikono yake inazeeka. Lakini leo ana ombi dogo zaidi. "Huyu arudi Ugalla, aniletee asali ya masega. Asipoleta, nitamfuata huko huko kwenye mizinga."

Anauchomoa mfuko. Kifua kimetulia tuli. Scolastica ananyoosha mkono kuudaka mfuko.

"Ngoja," Generosa anamnong'oneza, mfuko ameushika tayari. "Zamu yake."

Kifua kinapanda.