Diski Iliyokwenda Lac Vert

Mvua ya alasiri inapiga mabati ya mtaa wa Ndosho, mjini Goma, kwa kishindo, lakini ndani ya chumba cha michezo ya kompyuta cha Ernestine Balagizi hakuna anayeisikiliza. Vijana wamebanana kwenye mabenchi ya mbao, macho yote yako kwenye skrini. Fundi Niyitegeka amepiga magoti chini ya meza, anachomeka diski ya zamani kwenye kompyuta. Ernestine amesimama nyuma yake, mikono ameificha ndani ya kitenge.

Mchezo unafunguka. Orodha ya timu inatokea. Iko tupu.

“Mungojee,” fundi anasema bila kugeuka.

Orodha hiyo isipojaa leo, Ernestine atapoteza kazi inayolisha nyumba yake. Atapoteza pia kitu ambacho anasema hakinunuliwi sokoni: jina lake. Wiki nzima mtaa umekuwa ukisema kwamba Mama Joviale, kama anavyoitwa kwa jina la bintiye wa kwanza, ameuza timu za watoto wa watu.

Ernestine, mama wa watoto wanne, aliuza maharage kwa miaka mingi kabla ya kununua kompyuta hii kutoka ofisi moja iliyokuwa ikifunga milango yake. Mumewe, Gauthier, ni mwashi, na siku hizi wanaojenga ni wachache. Saa moja ya mchezo ni faranga elfu moja. Siku ambayo umeme haukatiki, Ernestine hupata elfu kumi na mbili, mara nyingine kumi na tano. Humo ndimo hutoka unga, sabuni na karo ya Joviale.

Mpira wa kompyuta unachezwa kila pembe ya Goma. Kinachowarudisha wateja kwa Ernestine ni kile wanachokiita karieri. Kila mmoja ana timu yake. Huinunulia wachezaji, huipandisha daraja, hushinda, hushuka, na akitoka huiacha mahali alipofika. Kesho akirudi anaikuta inamngoja. Wapo walioanza timu zao kabla ya kuoa.

“Mutu anaweza kosa kazi, anaweza kosa nyumba,” Ernestine anaeleza. “Lakini akifika hapa, timu yake iko. Anaanzia pale aliachia.”

Mwezi uliopita kompyuta ilianza kukwama, tena mpira ukiwa umefika golini. Wateja walinung’unika. Niyitegeka, ambaye kibanda chake kiko Birere, alishauri iwekewe diski mpya na mfumo mpya. Walielewana bei, naye akapunguza kidogo kwa kufuata desturi ya mafundi wa huko: kipande kinachotolewa ni mali ya fundi. Ernestine alikubali bila kuuliza.

“Redio yangu walibadilisha kipande, televizyo pia,” anasema. “Ile ya zamani inakuwa imekufa. Mimi nilizania kumbukumbu inabakia mu sanduku. Sikujua kama ni yenyewe nilikuwa ninaitoa.”

Kompyuta ilirudi ikiwa nyepesi kama mpya. Samy, dereva wa pikipiki ambaye ndiye mteja wake wa kwanza karibu kila asubuhi, aliketi, akashika maneti, kile kidude cha kuchezea, akatafuta timu yake. Hakuiona. Akatafuta tena. Kisha akageuka na kumtazama Ernestine kwa jicho ambalo mama huyo anasema hajalisahau.

Siku hiyohiyo, katika chumba kingine cha michezo kilichofunguliwa ng’ambo ya barabara, mtu mmoja alionekana na timu inayofanana na ya Samy. Ilitosha. Ikasemwa kwamba Mama Joviale ameuza karieri kwa jirani. Ernestine aliapa kwamba hakuuza kitu. Aliambiwa kwamba hata wezi huapa.

Ili kutuliza moto, aliahidi kumlipa kila mteja kwa saa za bure kulingana na alichopoteza. Hapo ndipo timu zote za Ndosho zilipogeuka mabingwa. Aliyekuwa akifungwa kila siku alidai makombe mawili. Samy alidai misimu minne na ubingwa wa daraja la kwanza. Gauthier alipiga hesabu akamwambia mkewe kwamba kwa makombe hayo watu watacheza bure hadi Joviale aolewe.

Ernestine alikwenda Birere kumwona fundi. Niyitegeka alimweleza, kwa aibu, kwamba kila kitu kilikuwa kwenye ile diski ya zamani, na kwamba ameshaiuza kwa Donat Cirimwami, mpiga picha wa harusi anayeishi upande wa Lac Vert, nje ya mji, kwenye barabara ya Sake. Diski kama ile, akaongeza, mnunuzi huifuta kwanza kabla ya kuitumia.

Nje ya kibanda, Samy alikuwa ameegesha pikipiki. Alikuwa amemfuata, na alikuwa amesikia yote.

“Panda, Mama,” alisema. “Tutaenda wote. Usiende kupanga maneno na huyo mutu.”

Ernestine alipanda. Barabara ya kwenda Sake ilikuwa na matope na malori, na mara mbili walisimamishwa vizuizini. Ernestine anakumbuka kwamba njia nzima alikuwa akisali rozari kwa vidole, kwa kuwa rozari yenyewe alikuwa ameisahau mezani.

Donat aliwapokea kwa upole, akawapa viti. Ndiyo, diski anayo. Ndiyo, ameshaanza kuweka picha za harusi ya Jumamosi. Ernestine aliuliza kama alikuwa ameifuta.

Mpiga picha alikohoa kidogo. “Hapana, Mama. Nilitaka kwanza niangalie kama kuko filimu ndani.”

Samy alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Birere. Ernestine hakuweza.

Hata hivyo, Donat hakuwa tayari kuiachia diski kabla ya kuhamisha picha zake, na umeme ulikuwa umekatika. Bibi harusi, alisema, ni mtu wa kuogopwa kuliko wachezaji wote wa Ndosho. Walikaa wakingoja. Umeme ulirudi, ukakatika, ukarudi. Picha zilihama moja baada ya nyingine: keki, wasimamizi, mama mkwe aliyefumba macho. Zilipokwisha, Ernestine alimlipa Donat kiasi kilekile alichoinunulia diski hiyo kwa fundi, akaifunga ndani ya kitenge na kuiweka kifuani.

Na sasa orodha ni tupu.

Niyitegeka anatoka chini ya meza, anaketi, anafungua diski ya zamani. Anaeleza kwamba alipoweka mfumo mpya aliipa kompyuta jina jingine, nao mchezo unatafuta timu chini ya jina hilo. Faili za zamani ziko mahali pengine. Anazinakili, anazipeleka panapotakiwa, anaufunga mchezo, anaufungua tena.

Orodha inajaa hadi chini ya skrini.

Mabenchi yanasukumwa, kila mtu anataka kuona. Lakini Ernestine anafanya jambo ambalo hawakulitarajia. Anazima skrini.

“Mutoke wote ku baraza,” anasema. “Mutaingia mumoja mumoja. Kila mutu aone yake.”

Wa kwanza ni Samy. Ernestine anawasha skrini, kisha anasogea mlangoni na kumpa mgongo. Timu ya Samy iko palepale alipoiacha: daraja la pili, nafasi ya kumi na tatu. Haina kombe. Samy anatupa jicho mlangoni.

“Mama, umeona?”

“Mimi ninaangalia mvua.”

Samy anatoka barazani. Wenzake wanamzunguka. Anawaambia kwa sauti ya kusikika hadi ng’ambo ya barabara kwamba karieri zote zipo, na kwamba Mama Joviale hakuuza kitu kwa mtu yeyote. Mmoja anamuuliza habari za ubingwa wake.

“Ingia uangalie zako,” Samy anamjibu.

Hakuna anayezungumzia tena saa za bure.

Ernestine anapanga kununua diski ya pili, ya kunakilia timu zote kila Jumapili baada ya misa. Haitakaa Ndosho. Ataiweka kwa dada yake, Charline, anayeishi Katindo.

“Sisi watu wa Goma tunajua,” anasema, akimpisha kijana anayefuata. “Moto wa volkano ukishuka ku mulima, ao vita ikiingia, huweki vitu vyote mu nyumba moja. Vyeti vya batoto viko kwa Charline. Na timu za hawa zitaenda kule.”