Alhamdu Tatu za Maji ya Kunywa

Wenzangu mliokulia Zinga, mnakumbuka tulivyocheza rede pale palipojaa fremu za maduka leo? Mpira wa soksi, vumbi mpaka kwenye kope, kisha mbio nyumbani kukata kiu. Maji ya mtungi wa Bibi yalikuwa baridi na yananukia, maana kila Ijumaa aliufukiza ubani kabla ya kuujaza.

Kuchemsha maji hayo ilikuwa kazi yangu. Hatukuwa na saa jikoni. Yakishatokota, Bibi alisema, soma Alhamdu tatu, taratibu, ndipo uipue. Mwaka ule kipindupindu kilikuwa kimeingia mitaa ya jirani, na Bibi hakutaka mzaha na maji.

Siku moja wenzangu waliniita rede sufuria ikiwa ndiyo kwanza inapata moto. Nikazisoma mbio mbio.

"We Mwanaidi!" Bibi akapaza sauti kutoka barazani. "Hiyo Alhamdu au redio inatafuta stesheni?"

"Nimemaliza, Bibi!"

Nakiri kwenu leo: niliyaipua maji kabla hayajatokota. Niliporudi kutoka mchezoni niliyamimina mtungini hivyo hivyo, nikijiambia ubani utamalizia. Niliamini kabisa kwamba kitu kinachonukia vile hakiwezi kuwa na kijidudu.

Alasiri mdogo wangu Shabani akanywa vikombe viwili. Haukupita muda akashika tumbo. Kila alipokwenda chooni nilimfuata kwa macho, na safari ya tatu nikaangua kilio.

"Bibi, nimemuua Shabani! Maji sikuyachemsha!"

Bibi alimwita, akamtazama macho na ulimi. "Umekula nini tangu asubuhi, baba?"

"Maembe mabichi. Na chumvi."

"Mangapi?"

"Sikumbuki. Mengi."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Kisha akaubeba mtungi na kuumwaga wote uani. "Leo ni maembe," akaniambia. "Haya, washa moto." Alikaa kwenye kibao kando yangu, tukazisoma pamoja, neno kwa neno. Shabani alipona kabla ya magharibi, akaulizia maembe yaliyobaki.

Siku hizi Zinga nyumba zimebanana, na choo cha huyu kinapumulia kisima cha yule. Nachemsha kwa gesi. Nina wasiwasi wangu: nikisahau kama nimesoma mbili au tatu, naanza upya, na mtungi unasubiri. Rehema, binti wa Shabani ninayeishi naye, hunionea huruma. "Shangazi, si uweke alamu kwenye simu?" Watoto wa sasa hata kiu wanakumbushwa na simu.

Juzi nilimwachia sufuria. Nikiwa sebuleni nikamsikia anasoma mbio, na maneno ya Bibi yakanitoka yenyewe.

"We Rehema! Hiyo Alhamdu au redio inatafuta stesheni?"

"Shangazi, kwani redio inatafutaje stesheni?"

Kabla sijamjibu, nikamsikia anaanza upya, taratibu.