Mwanangu Hakunitazama

Nilipojifungua kifungua mimba wangu nilikuwa naishi kwa mama mkwe, ng'ambo ya kilima ukitoka Kenyenya. Mume wangu alikuwa fundi seremala mjini Kisii, akirudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijatua, kwa ajili ya Sabato. Siku nyingine tulikuwa wawili tu na mtoto.

Mama mkwe alinitunza vizuri. Alinipikia uji wa wimbi na hakuniruhusu kushika jembe. Jambo moja tu alinikanya: nisimkazie mtoto macho ninaponyonyesha. Alisema mtoto anayetazamwa sana huzoea kubebwa, na majani chai hayajichumi. Tena kwetu watu wanaogopa jicho. Wapo wanaoamini kwamba mtoto mchanga akitazamwa na mtu mwenye jicho baya, nyuzi na vijani humganda kwenye ngozi mpaka akaugua. Mimi hayo sikuyaamini, lakini nilikuwa mgeni katika boma lile, na mgeni hashindani. Nikawa nanyonyesha huku natazama uani, kuku wakichakura chini ya migomba.

Siku moja kwenye chanjo, muuguzi alitusihi akina mama tuweke simu chini na kuwatazama watoto wanaponyonya, kwamba hapo ndipo mtoto anapomjua mamake. Mwenzangu niliyekaa naye akainama, na mtoto wake akaachia titi akamchekea. Nami nikamwinamia wangu. Macho yake yalizunguka polepole, yakapita usoni pangu kama yanavyopita ukutani, yakaenda kutulia dirishani penye mwanga. Nikamwita. Aligeuza sikio.

Nilirudi nyumbani nikiwa mzito. Nikamkalisha juani, nikamtazama kwa mara ya kwanza bila haraka, na ndani ya mboni zote mbili nikaona weupe kama ukungu. Nikamwonyesha mama mkwe.

"Mokamwana," akasema, ndivyo tunavyomwita mke wa mwana, "nani amemtazama mtoto huyu?"

"Hakuna, mama. Hata mimi sikumtazama."

Jioni alileta samli, ambayo kwetu ndiyo dawa ya jicho baya, akampaka mtoto mwili mzima, na mimi nikamwacha ampake. Kesho yake nilishuka mjini naye.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Mimi nilidhani hayo ni maradhi ya wazee. Akanieleza kwamba wengine huzaliwa nayo, na kwamba lazima afanyiwe upasuaji upesi, kwa sababu jicho lisilotumika katika miezi ya mwanzo husahau kuona.

Baada ya upasuaji tulikaa mtaani Nyanchwa kwa dadangu, karibu na hospitali. Macho yakiwa yamefungwa bandeji, mtoto alinyonya kama kawaida, mkono wake ukipapasa shingo yangu. Bandeji zilipotolewa akapewa miwani midogo yenye mpira wa kufunga nyuma ya kichwa. Nilikaa tayari kuonwa. Nikampa titi, akainua macho, yakakutana na yangu. Akaacha kunyonya. Uso ukamkunjamana, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

Nilifikiri anaumwa. Nikamfunika uso kwa leso, akanisikia harufu, akatulia na kunyonya. Nikaifunua, akalia tena. Hapo nikaelewa kwamba alikuwa akiogopa uso wangu. Mtoto niliyemnyonyesha miezi yote ile hakujua kwamba titi lina mtu.

Siku zilizofuata zilinitesa. Dadangu alinishauri nimpe chupa, nikakataa. Mume wangu aliniambia kwa simu akiwa kazini kwamba atazoea tu, nami nikakata simu nikalia. Kisha mama mkwe akaja na mkungu wa ndizi mbivu, akampakata mjukuu wake. Kwa mara ya kwanza nikamwona akimtazama moja kwa moja, bila kukwepa. Mtoto naye akamtazama, akanyamaza. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilitoka nje, nikasimama kando ya kamba ya nguo, kifua kimejaa maziwa, nikimwonea wivu.

Kilichotusaidia nilikigundua kwa bahati. Mpaka hapo, kila nilipomfunua nilikuwa nikimtazama huku nimenyamaza, nikimsubiri. Asubuhi moja nilikuwa nikizungumza na dadangu wakati nikimnyonyesha, leso ikateleza. Mtoto akatazama mdomo wangu ukitembea. Akashtuka, lakini hakulia. Nikaendelea kuongea, sijui hata nilisema nini, na macho yake yakapanda taratibu kutoka mdomoni mpaka kwenye macho yangu, yakabaki hapo. Alinitazama bila tabasamu, kama mtu anayehoji.

Sasa yuko chekechea. Jicho la kushoto linaona vizuri kwa miwani. La kulia linatofautisha mwanga na giza, basi. Tulipomrudisha kupimwa, daktari aliniambia, wakati mama mkwe yuko nje kwenye foleni, kwamba tungemleta mapema zaidi huenda yote mawili yangepona. Nilipotoka, mama mkwe aliniuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema mtoto anaendelea vizuri. Akashukuru Mungu, akamshika mjukuu wake mkono, tukaenda kutafuta gari la kwenda nyumbani.