Shikamoo Iliyokwama

Kazi ya kwanza niliyoiweza sawasawa ilikuwa kufukuza ndege. Kwetu Hombolo, uwele ukianza kukomaa, watoto tulipelekwa shambani alfajiri, tukapanda juu ya vichuguu na kupiga kelele mpaka koo linakauka. Mimi nilikuwa hodari. Niliwatukana ndege kwa sentensi ndefu zilizonyooka, hazina hata mkwamo mmoja. Mbuzi pia nilizungumza nao vizuri. Kanisani tukisali pamoja, darasani tukiimba jedwali la kuzidisha, sauti yangu ilikwenda na za wenzangu kama kawaida. Ila ukinisimamisha mbele ya mtu anayesubiri jibu, basi.

Ni kigugumizi. Nyumbani walisema nilitekenywa mno nikiwa mchanga. Bibi alikuwa akinigonga mdomoni na mwiko wa ugali, taratibu, kwa upendo, kila mwezi ulipoandama, na sikupona. Mwalimu mmoja alisema ulimi wangu hauna tatizo, nina uvivu wa kufikiri. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa, na hapo ndipo penye shida yenyewe.

Watu hudhani mwenye kigugumizi hajui anachotaka kusema. Anajua. Mimi neno naliona linakuja, nalijua kwa herufi zake, halafu likifika kooni mlango unajifunga. Nikisukuma, ndiyo linakaza. Macho yanajifumba yenyewe, shingo inakakamaa. Anayenitazama huona aibu kwa niaba yangu, akanimalizia neno, na mara nyingi silo. Nimewahi kutumwa sukari nikarudi na sabuni, kwa kuwa mwenye duka alikuwa na haraka ya kunisaidia.

Hombolo sikupata taabu ya salamu, maana wazee wetu tuliwaamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi", na hilo lilitoka lenyewe. Taabu ilianza nilipomaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, nikaja Dodoma mjini kukaa kwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa mfagiaji wa ofisi ya serikali. Mjini kila mkubwa anataka shikamoo yake. Na katika maneno yote ya Kiswahili, hilo ndilo gumu langu kupita yote. Naanza "sh", naishia hapo hapo, kama mtu anayefukuza kuku. Asiyenijua alisema, "Mtoto gani huyu hana adabu?"

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka yanafunguliwa hata kwenye vibaraza, na wasichana walikuwa wanapata kazi za kuuza. Mama mkubwa aliniambia wazi: "Nakupa mpaka mavuno ya zabibu. Usipopata kazi, unarudi kwenu kuvuna." Mimi sikutaka kurudi. Nilikuwa na ndoto zangu mjini. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio, na usicheke. Nikiwa peke yangu nilishika kitana kama kipaza sauti nikasoma habari kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, na nilisoma vizuri kabisa.

Basi nikabuni njia ya kuwasalimu wakubwa bila shikamoo. Nilimtazama mtu kwa mbali nikampima dini. Mwenye rozari, "Tumsifu Yesu Kristo." Mlokole mwenye Biblia kwapani, "Bwana asifiwe." Mwenye kofia au ushungi, "Asalaam aleikum," na hii ndiyo iliyotoka laini kuliko zote. Nilikosea mara moja moja. Kuna mzee wa kanisa aliyevaa kofia kwa sababu ya upara na jua, aliniitikia huku ananishangaa.

Kwa njia hiyo hiyo nikaingia kwenye duka la kanga karibu na soko kuu, kuomba kazi. Mwenye duka alikuwa mama wa Kondoa, mnene, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Asalaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Karibu. Unaitwa nani?"

Jina langu la ubatizo linaanza na P. Hebu jaribu kulitamka midomo ikiwa imegoma kufunguka. Nikahangaika kidogo, nikaona uso wake unaanza kubadilika, nikachukua jina lililokuwa karibu. Lilikuwa la rafiki yangu wa utotoni, binti wa muuza samaki wa Mtera, jina la Kiislamu. Likateleza likatoka.

"Jina zuri," mama akasema. "La marehemu mama yangu. Anza kesho."

Nikaanza. Kazi niliipenda mno. Maneno yaliyoandikwa kwenye kanga huitwa jina la kanga, na wateja wengi waliniomba niwasomee kabla hawajanunua. Nilisoma kwa kuvuta, nusu kama naimba, "Jirani-i, usinihesabie sahani-i," na halikukwama hata moja. Bei nilitaja bila kusema shilingi. Mengine nilijibu kwa kichwa. Mama mwenye duka aliwaambia watu kwa fahari, "Binti yangu huyu hana maneno mengi. Wa siku hizi wako wapi?"

Halafu Ramadhani ikaingia.

"Umeamka kula daku?" akaniuliza asubuhi ya kwanza. Nikatikisa kichwa, sikula. "Maskini, utaweza?" Nikaitikia kwa kichwa, nitaweza. Basi nikafunga. Jua la Dodoma unalijua. Jioni alinifungulia kwa tende, uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, akanitaka nikae naye kwenye mkeka nyuma ya duka. Nyumbani nilimwambia mama mkubwa nimeshashiba. Kila siku nilijiambia leo namweleza, na kila siku sentensi ile ilikuwa na P na "sh" ndani yake.

Siku moja alasiri nimepanda kwenye stuli napanga doti za kanga, mama mkubwa akaingia. Kabla sijashuka akaniita kwa jina langu, lenyewe.

Mwenye duka akageuka kutazama anaitwa nani. "Unamwita nani, dada yangu?"

"Si huyu mtoto wangu. Nimepita kumkumbusha, Jumapili zamu yetu kufagia kanisa, asijifanye kasahau."

"Kufagia wapi?"

"Kanisani."

"Huyu?"

"Sasa nani mwingine?"

"Dada, huyu binti amefunga!"

"Amefunga nini?" mama mkubwa akauliza, akatazama mlango wa duka.

Wateja wawili waliokuwa wanachagua kanga wakaacha kuchagua. Mmoja akasema, "Makubwa! Kaja kutupeleleza." Mwenziwe akacheka, "Kapeleleza futari, shoga."

Mwenye duka hakucheka. Akavaa miwani. "Shuka," akaniambia. Nikashuka. "Hilo jina ulilonipa ni la mama yangu. Nimekuita hivyo siku zote hizi. Ulikuwa unanichezea?"

Niliona Hombolo, niliona zabibu na makapu yake. Lakini kilichoniuma zaidi ni ule uso wake. Nikaanza, "Ni... ni..."

"Ni njaa," mteja mmoja akanimalizia. "Mwacheni mtoto wa watu, ni njaa."

"Ana kigugumizi," mama mkubwa akadakia. "Tangu mdogo, walimtekenya mno, mimi niliwaambia..."

"Dada yangu, sijakuuliza wewe. Nawe shoga, chagua kanga. Nimemuuliza huyu." Akavuta stuli akaketi, akaanza kukunja kanga iliyokuwa mapajani, polepole. "Sema. Mimi sina pa kwenda mpaka magharibi."

Nikasema. Sitaandika jinsi nilivyosema, maana karatasi haitatosha. Nilimwambia sikumchezea. Jina langu halitoki, shikamoo haitoki, nilichukua jina lililotoka. Katikati nilikwama sana, mguu ukawa unapiga sakafu, na mama mkubwa akafungua mdomo kunisaidia. Mwenye duka akamwinulia kidole. Akakunja kanga nyingine. Hakunitazama kwa huruma wala hakutazama pembeni. Alisubiri tu, kama unavyosubiri mtu anayetafuta chenji.

"Basi jina lako nani?" akauliza nilipomaliza.

Midomo ikajifunga.

"Lisome kama la kanga," akasema.

Nikalivuta, nusu kuimba, likatoka limepinda kama pembe ya ng'ombe. Wateja wakacheka, nami nikacheka, hata mama mkubwa. Mwenye duka akalirudia taratibu, akakosea, nikamrekebisha.

"Haya. Mwoneshe huyu mteja doti ya kijani."

Ndivyo nilivyojua sirudi Hombolo.

Jioni, adhana ilipolia, aliniita mkekani kama kawaida. "Niambie ukweli. Ulikuwa unafunga kweli?"

"Kweli, mama."

"Hata maji?"

"Hata. Nitakunywa wa... wa... wapi, na kutwa tuko wote?"

Alicheka mpaka miwani ikamdondokea kwenye uji. Akaifuta kwa ncha ya kanga. "Kesho kula, mwanangu. Ila usile mbele yangu."

Asubuhi nilimkuta kibarazani, ufunguo mkononi. Nikafungua mdomo, "Asalaam..."

"A-a. Hiyo naijua unaiweza. Nataka ile nyingine."

Nikaanza "sh". Ikakwama. Macho yakajifumba. Niliwasikia watu wanapita na baiskeli, nikasikia vitasa vya maduka ya jirani vinafunguliwa kimoja kimoja. Ufunguo wake haukulia. Nilipofumbua macho neno lilikuwa limeshatoka lote, na yeye alikuwa bado amesimama pale pale.

"Marahaba," akasema, ndipo akageukia kufuli. Tulikuwa wa mwisho kufungua mtaa mzima.