Mlango Uliopigwa Randa Wakati wa Mvua

Mtaani kwetu mdogo wangu anaitwa Samahani, na wanaomwita hivyo hawamsifii. Alipotoka kituoni, kule wanakosaidiwa watu kuacha pombe, alikuwa amekonda, mikono haitulii, na kila aliyekutana naye njiani alimsimamisha amwombe radhi. Mwenye bucha alisimamishwa mbele ya wateja wake. Hakukumbuka kukosewa chochote, akasema hivyo, lakini mdogo wangu akamng'ang'ania mpaka yule bwana, kwa kutaka tu kurudi kwenye nyama zake, akabuni kosa: eti siku moja alimpita bila kumsalimia. Akamsamehe hilo. Jirani yetu mama mmoja alimwambia amemsamehe ya zamani, ya leo na ya mwakani, ilimradi amwache aanike nguo.

Mimi ni dada yake. Mimi ndiye wa kwanza kwa mama yetu, yeye kitindamimba. Napika shuleni, na kazi hiyo imenizoesha kusema kwa sauti na kukosa subira na mtu anayezungukazunguka jikoni bila sababu. Bahati yangu, ndiye huyo niliyempa chumba cha uani. Kabla sijavaa viatu vya kazini ameshafagia uwanja, ameshakaza vipini vya sufuria, ameshanyoosha mguu wa meza ambao haukuwa umepinda. Ukimwambia akae, anakaa kwenye ncha ya kiti na goti linacheza kama mtu anayeendesha cherehani. Nimewahi kumfukuza sebuleni ili nipate kupumzika mimi.

Baba yetu alikuwa seremala, na kati yetu wote ni huyu peke yake aliyeushika ufundi. Alikuwa na mkono mwepesi. Wenzake wakiwa bado wanatafuta penseli, yeye ameshapima, ameshakata, na mlango unaning'inia kwenye bawaba zake bila kulia. Watu walikuwa wanamsubiri yeye hata kama wako mafundi wengine wasio na kazi. Pombe ilianza kama kitu cha kusafisha vumbi la mbao kooni jioni. Baadaye ikawa ya mchana, halafu ikawa ya kumwamsha. Sitaipamba: alikuwa mlevi mbaya, wa kelele na matusi, na asubuhi hakumbuki.

Jioni moja mke wake alijifungia chumbani pamoja na binti yao, akatia komeo. Mdogo wangu alisimama nje akagonga, akabembeleza, akatukana, mwishowe akaenda kuchukua nyundo yake ya kazi. Akauvunja mlango alioutengeneza mwenyewe. Hakuwagusa. Aliwakuta wamejikunyata nyuma ya kitanda, akaanguka sakafuni na kulala pale pale, nyundo mkononi. Mke wake ndiye aliyenisimulia, na alisimulia mara moja tu.

Baada ya hapo ndipo alipokubali kwenda kituoni. Wifi yangu hakudai talaka wala hakumrudisha nyumbani. Alisema aje Jumamosi mchana kumwona mtoto, na mimi nije naye. Tangu siku hiyo anamwita "Fundi", kama unavyomwita mtu aliyekuja kuziba paa.

Kule kituoni mshauri aliwaambia kwamba wakitoka wajitahidi kurekebisha walichoharibu, pale inapowezekana bila kumuumiza mtu tena. Mdogo wangu alisikia nusu ya kwanza. Alitengeneza mlango mpya wa chumba kile, wa mbao nyeusi ngumu, akausugua msasa mpaka ukawa unateleza, akauweka. Ulikuwa mlango mzuri, hilo nampa. Kama angeishia hapo tungemshukuru wote.

Mvua zikaanza. Mbao nazo hunywa, hata kama fundi ameacha. Mlango ukavimba, ukaanza kukwaruza fremu kila unapofunguliwa. Hakuna seremala asiyejua la kufanya hapo, nalo ni kutofanya kitu. Baba alitufundisha kwa makofi: mlango uliovimba kwa mvua huupigi randa, unausubiri ukauke, utarudi wenyewe. Mdogo wangu alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini kila Jumamosi mlango ukikwaruza, yeye alikuwa anaruka kitini kama aliyechomwa sindano. Anatoa randa kwenye mfuko wake wa vifaa, anaparua ukingo, maganda yanaanguka sakafuni, anaomba radhi kwa maganda, anaomba radhi kwa kelele, mwisho anafika kwenye ile radhi yenyewe. Jumamosi inayofuata mbao zimevimba tena, naye anaparua tena. Wifi alimwambia auache. Nami nilimwambia baba angekuwa hai angemzaba kibao. Akasema anajua, ila hawezi kukaa akiusikia mlango ule unalia.

Mvua zilipokaribia kwisha, wifi alinivuta jikoni akaniambia kwa sauti ya chini, huku anaosha vikombe, kwamba Jumamosi moja zaidi ya kuombwa radhi ndiyo itakayokuwa ya mwisho. Asije tena. Nilidhani ni hasira, nikaanza kumtetea mdogo wangu. Akanikatiza.

"Wifi, sina ugomvi naye. Lakini kila akiniomba msamaha ananirudisha nyuma ya mlango ule. Mimi nilishatoka. Yeye ndiye bado yuko pale anagonga."

Maneno hayo nilimfikishia njiani tukirudi, bila kuyapunguza makali. Akasimama katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akamzunguka akimtukana. Akauliza kama basi mke wake hajamsamehe. Nikamwambia hajasema hivyo, na hajasema vinginevyo.

"Na asiponisamehe?"

"Utaishi hivyo hivyo. Wengi wanaishi hivyo."

Halikumpendeza jibu. Wiki ile alipiga randa kila kitu cha mbao nyumbani kwangu, hata mwiko wangu mkubwa. Usiku namsikia anatembea uani. Nilikuwa na hofu, na hofu yangu haikuwa ya kubahatisha: mtu asiyeweza kutulia popote anakumbuka mahali alipokuwa anatulia, na mdogo wangu alikuwa anatulia baa. Jumamosi zile ndizo zilizokuwa zinamshikilia. Zikikatika, nilijua miguu itampeleka wapi.

Jua likarudi, likawaka kweli kweli. Jumamosi iliyofuata nilimnyang'anya mfuko wa vifaa tukiwa bado nje ya nyumba ya wifi, nikaubeba mimi. Nilimwapisha: leo hapana radhi, hapana randa, kaa na mwanao mzungumze. Akaitikia. Alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali.

Binti alitupokea mlangoni. Amekuwa mrefu, ameanza kuwa msichana mkubwa, na chumba kile sasa ni chake. Alinipa shikamoo mimi, akampa baba yake, kisha hakungoja tuketi.

"Baba, mlango wangu haufungi."

Tukaenda kuona. Mbao zilikuwa zimekauka na kurudi zilikotoka, na kwa kuwa ukingo ulikuwa umeparuliwa Jumamosi baada ya Jumamosi, sasa kulikuwa na uwazi upande mzima wa kitasa. Komeo halikuifikia fremu. Upepo ukivuma mlango unafunguka wenyewe. Binti alikuwa amepigilia shuka mlangoni kwa misumari, maana wageni wakipita ukumbini wanamwona akivaa. Alieleza yote hayo haraka haraka, kwa aibu na hasira, akamalizia kwamba alikuwa amemsikia mama yake akimwambia baba asiukate.

Mdogo wangu aliingiza kidole kwenye ule uwazi. Kikapita. Akaingiza viwili, vikapita. Akageuka kuniangalia mimi, uso umemshuka.

"Dada, hili nimelifanya nikiwa mzima."

Nilimwelewa papo hapo. Yote mengine alikuwa na pa kuyatupia, kwenye chupa. Hili hakuwa na pa kulitupia. Nikaona mdomo wake unaanza kulitengeneza lile neno lake. Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, anangoja. Binti naye anangoja. Mdogo wangu akafumba mdomo, akatupita sote watatu, akatoka nje.

Binti akaniuliza, "Shangazi, amekasirika?" Nikamwambia hapana, ingawa sikujua. Wifi alirudi jikoni. Mimi nikatoka mbio, kama mbio zangu zinastahili kuitwa mbio.

Mwisho wa barabara ile kuna baa. Nilikwenda moja kwa moja. Njia nzima nilikuwa nikimlaani, na mfuko wa vifaa ulikuwa unanipiga pajani kila hatua. Nikasukuma pazia la shanga, nikaangalia meza baada ya meza, na wanywaji wakaniangalia mimi, mama mnene anahema na msumeno unachungulia mfukoni. Hakuwemo. Nilitoka nikaegemea makreti ya chupa tupu na kulia kama mtoto, sina haya kulisema.

Nilipofuta macho nikamwona. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la mbao, anapekua rundo la vipande vilivyobaki baada ya kukata. Aliniona natokea wapi.

"Umenitafuta mle?"

"Ndiyo."

"Hata mimi nilifika pale kwenye pazia," akasema. Alikuwa ameshika ubao mwembamba mrefu, anaufumbia jicho moja kuona kama umenyooka. "Nilitaka kuomba msamaha, Dada. Ulikuwa hapa kooni. Halafu nikaona mtoto anachotaka ni mlango unaofunga."

Tuliporudi, hakwenda kwa mke wake. Alikwenda kwa binti, akamuuliza kama autengeneze sasa hivi au siku nyingine. Binti akasema sasa. Nikampa mfuko. Akaushusha mlango, akaulaza juu ya stuli mbili uani, akapaka gundi kwenye ukingo, akaubandika ule ubao na kuukaza kwa skrubu. Alipopiga randa, alipiga taratibu, anapima, anapiga, anapima. Sikuwa nimemwona akifanya kazi taratibu hivyo tangu tukiwa watoto. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini hakuharakisha.

Ubao ule ulikuwa mweupe, na mlango ni mweusi. Ungeweza kuuona mstari huo ukiwa barabarani. Binti aliuzunguka mlango akaukunjia uso.

"Haufanani."

Mkono wa mdogo wangu ukaenda kwenye msasa. Nilijua kinachofuata: angesugua, angetafuta rangi, angebandua aanze upya, tungekesha pale. Akaushika msasa, akaugeuza upande wa pili, akaurudisha mfukoni.

"Haufanani," akasema. "Nilikata mno, nikaongeza. Ndivyo utakavyokuwa. Lakini utafunga."

Akaurudisha kwenye bawaba. Binti akang'oa shuka na misumari yake, akaingia, akausukuma mlango. Ukaingia kwenye fremu kimya kimya. Kisha tukasikia komeo linapita kwa ndani.

Jikoni kijiko kikaacha kukoroga. Alikuwa amesimama pale pale, nje ya mlango ule ule uliotiwa komeo, na nyundo ilikuwa mkononi kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kugonga pini ya bawaba. Wifi alitokea, akaiona nyundo, akashika ukuta. Ndani, binti alikuwa anaburuta kitu, labda kiti, huku akiimba chini chini.

"Baba, bado uko hapo?"

"Niko."

"Unataka kuingia?"

Wifi alikuwa anamtazama, naye alijua anatazamwa, lakini hakugeuka kumwangalia.

"Hapana, mama," akasema. "Kaa na mlango wako."

Akaondoka pale mlangoni.