Chausiku hupima waya kabla ya kulaumu kontroo boksi

Saa tatu asubuhi, Chausiku Mwinshehe amelala chali chini ya dashibodi ya pikapu nyeupe, miguu ikiwa nje ya mlango. Gereji hii iko Msamvu, nyuma ya stendi ya mabasi. Betri ameshaitoa. Sasa anachomoa soketi ya kontroo boksi, kifaa kinachoiongoza injini ipate mafuta na moto kwa wakati wake.

"Pole kwa kusubiri, baba," anamwambia mwenye gari bila kutoa kichwa.

"Nimesubiri wiki nzima, mwanangu. Asubuhi moja si kitu," anajibu Mzee Luqmani, anayeitumia pikapu hiyo kusomba ndizi kutoka kwao Mkuyuni, mlimani.

Gari lake huzima likipanda mlima. Mafundi wawili walimwambia kontroo boksi imekufa, anunue nyingine. Ili aipate, amekubali kumuuzia jirani kipande cha shamba la karafuu. Jirani analeta fedha jioni hii.

Chausiku, 36, alianzia kwenye cherehani. Kiwanda cha nguo kilipompunguza kazi, alikuja hapa kushona viti vya magari. Fundi umeme wa gereji, marehemu Fransisko, ndiye aliyemfundisha kushika mita ya kupimia umeme.

"Wateja wengine wakiniona walikuwa wanaondoka," anasema. "Siku hizi wananipigia simu kwanza, waulize kama nipo."

Siku nzuri humwingizia Sh40,000. Zipo anazorudi na nauli tu.

Anagusa waya wa kwanza, ncha moja ya mita kwenye soketi, nyingine kwenye sensa ya injini, kifaa kinachoipasha habari kontroo boksi. Mita inalia: waya mzima. Wa pili unalia. Zote zinalia. Mzee Luqmani anakaa kwenye ringi ya tairi, anaangalia chini.

"Basi ni kontroo boksi kweli," anasema.

"Bado, baba. Gari lako halizimi likiwa limesimama. Njoo ushike hapa, utikise kama barabara ya kwenu."

Mzee anakishika kitita cha waya kinachopita kando ya injini, anakitikisa. Mita inanyamaza. Anaacha, inalia tena.

Chausiku anakata utepe mweusi. Ndani, waya wa sensa umesuguliwa na chuma hadi shaba imebaki nyuzi chache. Anaukata, anaunga kipande kipya, anaulehemu kwa risasi iliyoyeyushwa na kuufunga mbali na chuma.

Soketi na betri vikirudishwa, wanalijaribu gari kwenye mlima wa Bigwa. Linapanda, linageuza, linapanda tena. Mzee Luqmani anasimama kando ya barabara na kumpigia mkewe.

"Mwambie jirani asije. Shamba haliuzwi," anasema, kisha anasikiliza swali la mkewe. "Ndiyo, limepona. Ni waya tu."

Chausiku naye ana safari yake ya Mkuyuni. Anajenga gereji ndogo huko, karibu na soko.

"Magari ya mlimani yanaburutwa hadi mjini kwa vitu kama hivi," anasema akifuta mikono. "Nataka yanikute hukohuko. Kuta zimesimama. Nikipata bati, nahamia."